Nimefundisha kijiji chenye TASAF: serikali iwape maskini fedha, na wazee ianze nao

Wakuu, uzi nimeusoma wote. Mwanzisha mada anauliza kama ni sahihi serikali kuwapa fedha watu maskini, na wachangiaji wengi wanajibu kuwa fedha hizo zinalea uvivu. Mmoja kaleta na ule msemo wa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nasema serikali itoe. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, Dodoma, na fomu za mahudhurio za watoto wa walengwa wa TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaozipa kaya maskini fedha, nimezijaza kwa mkono wangu.

Nianze na hilo jembe. Maskini ninaowafahamu hawajakosa jembe hata siku moja. Kwetu mvua huanza Desemba, mtama na uwele tunavuna kuanzia Mei. Kaya yenye mavuno haba ghala lake limekwisha kabla hata ya mwaka mpya. Sasa Januari na Februari, wakati palizi imepamba moto, baba na mama wanaamkia shamba la mwenye nacho. Wanalima kibarua ili jioni watoto wapate ugali. Shamba lao linangoja. Mvua yenyewe ni ya kuhesabu, magugu yakitangulia yanakunywa unyevu wote, na mavuno ya mwaka huo yanakuwa haba tena. Mwaka unaofuata ghala linakwisha mapema zaidi. Mpita njia akiliona shamba lile limejaa majani anasema mwenyewe mvivu. Huyo mtu amelima kuliko wengi wetu humu, ila amelima kwa wengine.

Rejista yangu ilionyesha mambo hayohayo. Miezi hiyo ndiyo watoto walikuwa wakipungua darasani: mkubwa kaenda kibarua na wazazi, wa kati kabaki na mdogo nyumbani, na aliyekuja shule anasinzia saa nne kwa sababu hajala tangu jana. Kaya zilipoanza kupokea fedha kila baada ya miezi miwili, niliona wazazi wanabaki shambani kwao wiki za palizi, na watoto wanarudi. Si wote. Wapo waliolipia deni dukani zikaisha siku hiyohiyo. Lakini hata deni la unga ni chakula kilichokwisha kuliwa, na mwenye duka aliyelipwa anakubali kukopesha tena.

Na tuseme kiasi chenyewe, maana humu kuna watu wanazungumza kana kwamba mtu anapewa mshahara. Mpango huu wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulizinduliwa 2012, wakati wa Rais Kikwete. Katika awamu ile ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, ikiongezeka kidogo kidogo kwa kaya yenye watoto na kwa mahudhurio yao kliniki na shuleni, na kaya haikuweza kuvuka 38,000 kwa mwezi. Ajira za muda zililipa 2,300 kwa siku, zisizozidi siku 60 kwa mwaka, watu wakichimba malambo na kutengeneza barabara. Nani ataacha kulima kwa fedha hiyo?

Kabla ya uzinduzi huo, Chamwino yetu ilikuwa miongoni mwa wilaya tatu za majaribio, pamoja na Bagamoyo na Kibaha. Vilichukuliwa vijiji 80, 40 vikaanza kupata na 40 vikasubiri, ili tofauti ionekane. Kaya zilizopata zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii, zikanunua viatu vya watoto, zikafuga mbuzi na kuku, na watoto wadogo wakaugua siku chache zaidi. Mtu aliyekata tamaa hanunui mbuzi. Mbuzi ni mpango wa mwakani. Wanaodai fedha zinaishia kilabuni wakumbuke pia kwamba mara nyingi anayeandikishwa kupokea ni mama wa kaya.

Kinachoniuma mimi ni kuchagua nani apate. Majina yanapendekezwa kwenye mkutano wa hadhara wa kijiji, halafu kaya inahojiwa kuhusu mali na makazi yake. Kwenye karatasi ni utaratibu mzuri. Sasa chukua bibi mmoja jirani na shule yetu. Analea wajukuu watatu, lakini anaishi nyumba ya bati. Mwanawe ndiye aliyeijenga alipokuwa na kazi, kisha akahamia mjini na akaacha kutuma chochote. Mkutanoni jina lake halikutajwa. Kila mtu aliliona bati, naye ni mtu wa haya, hawezi kusimama mbele ya kijiji kizima akatangaza kwamba analala njaa. Wajukuu wake niliwafundisha wote. Madaftari tulikuwa tukichangishana walimu.

Tofauti kati ya maskini aliyepata na aliyekosa kijijini ni ndogo mno, wakati mwingine ni kuku wawili. Unapopiga mstari katikati yao, unazalisha manung'uniko ambayo hayaishi, na walio hoi kabisa ndio wenye sauti ndogo.

Ndiyo maana natamani Bara tujifunze kutoka Zanzibar. Tangu Aprili 2016 kila mzee aliyefikisha miaka 70 kule analipwa pensheni jamii. Haulizwi kama alikuwa mvuvi au mtumishi wa serikali, na paa la nyumba yake halichunguzwi. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Umri unatosha. Bibi yule wa bati angekuwa Unguja au Pemba angelipwa bila kuomba, na wajukuu wake wangekula humohumo.

Na kwa wale wanaosema jambo hili ni la kigeni, lisomeni Azimio la Arusha la 1967. Linasisitiza kazi kweli, tena kwa ukali. Lakini linawataja wanaostahili kuwategemea wengine: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao taifa kwa wakati fulani limeshindwa kuwapa kazi. Hao wa mwisho ni wengi leo.

Kuna hoja moja ya upande wa pili naikubali. Sehemu kubwa ya fedha za mpango huu imetoka Benki ya Dunia na wahisani, kwa mikopo na misaada. Jambo la lazima kama hili halifai kutegemea huruma ya nje, kwa sababu siku wakibadili vipaumbele vyao kaya zetu zitarudi palepale. Mikopo yenyewe tutailipa sisi. Basi liingie kwenye bajeti yetu kwa kifungu chake, hata kwa kuanza na waliofikisha miaka 75 peke yao, kisha umri ushuke kadiri mapato yanavyoruhusu. Bunge la bajeti huanza Aprili kila mwaka. Mbunge wenu akipita kijijini kabla ya hapo, muulizeni mbele ya watu kwa nini mzee wa Chamwino asubiri kutajwa mkutanoni wakati mwenzake wa Micheweni, Pemba, anatambuliwa kwa umri wake tu.