Hitimisho halitafutwi kwa kukariri neno "kwa hiyo"

Umesema umenunua muhtasari wenye orodha ya viashirio vya hoja, yaani maneno yanayodokeza sababu au hitimisho, kwamba utaikariri yote kabla ya kugusa karatasi za miaka iliyopita za mtihani wa Thinking Skills wa Cambridge, na unauliza ugawe vipi muda kati ya tafakuri tunduizi, yaani kuchambua na kupima hoja, na utatuzi wa matatizo. Huo muhtasari uweke kando leo hii. Ninaujua, kwa sababu mwalimu wangu wa tuisheni alitufundisha kwa mtindo huohuo: tafuta "kwa hiyo", "hivyo" au "basi", pigia mstari sentensi inayofuata, na hitimisho umelipata. Alitutoza ada kamili kwa kanuni ambayo watunga mitihani wanaifahamu vizuri kuliko yeye, na hadi leo inaniuma kwamba hakuwahi kukaa nasi hata mara moja kuipima kwenye kifungu halisi.

Tazama kifungu hiki nilichokitunga: "Maktaba ya chuo isifungwe saa kumi na mbili jioni. Wanafunzi wengi walioajiriwa hufika baada ya saa hiyo, na hawana mahali pengine patulivu pa kusomea. Kwa hiyo, kuifunga mapema kutawaumiza zaidi wale wenye muda mchache." Anayefuata orodha ataichagua sentensi ya mwisho, naye atakosa, kwa kuwa hilo ni hitimisho la kati tu, yaani linalotokana na sababu lakini nalo linategemeza hitimisho jingine. Hitimisho kuu limetangulia, tena halina kiashirio chochote.

Kipimo kinachofaa ni kuziunganisha sentensi mbili kwa neno "kwa sababu", kisha kuzigeuza. "Maktaba isifungwe mapema kwa sababu kuifunga kutawaumiza wenye muda mchache" inakubalika. "Kuifunga kutawaumiza wenye muda mchache kwa sababu maktaba isifungwe mapema" haina maana. Sentensi inayoegemezwa na nyingine zote, yenyewe ikiwa haiegemezi yoyote, ndiyo hitimisho kuu, iwe mwanzoni, katikati au mwishoni.

Ninalikazania jambo hili kwa sababu kosa la hapo haliishii hapo. Katika mtihani wako huo, wenye namba 9694, karatasi ya pili inakutaka utaje hitimisho kuu, uonyeshe mahitimisho ya kati, kisha utathmini hoja hiyohiyo. Ukianza vibaya, unatathmini hoja ambayo mwandishi hakuitoa. Rudi kwenye maktaba yetu. Kutoka "kutawaumiza" hadi "isifungwe" kuna hatua ambayo haikuandikwa: kwamba madhara hayo yana uzito kuliko gharama ya kuiacha wazi. Ikanushe, useme gharama ni kubwa kuliko manufaa, na hitimisho linakosa nguzo. Hiyo ndiyo dhana iliyofichika, na aliyesimama kwenye "kwa hiyo" hawezi kuiona, maana hata hajui kwamba kuna hatua nyingine mbele yake.

Kwa hiyo chukua karatasi za zamani sasa, usingoje. Kila kifungu, kabla ya kutazama maswali, andika hitimisho kuu kwa maneno yako, pembeni uandike sababu zake na mishale ya kuonyesha ipi inaibeba ipi. Baadaye linganisha na mwongozo wa usahihishaji, na pale mlipotofautiana usinakili jibu, bali tafuta ni mshale upi uliuchora kinyume. Maoni yako kuhusu mada yenyewe yaache nje. Unaweza kukubaliana na mwandishi kabisa na hoja yake ikabaki dhaifu.

Kwenye utatuzi wa matatizo, anza kusoma kinachoulizwa, kisha ndipo uchambue takwimu, kwa kuwa baadhi huwekwa bila kuhitajika.

Ukishachora mishale ya kifungu kimoja, kiweke hapahapa pamoja na hitimisho ulilolichagua. Nitakisoma chote na kukuambia mshale gani umekwenda kombo.