Usiache kucheza gemu unazozipenda

Ndugu yangu, umeuliza kama uache kucheza gemu za kilimo kwa sababu kila gemu unayobuni inatoka kama nakala ya hizo. Usiache. Mwangalie Eric Barone wa Marekani: alikua akicheza gemu ya kilimo ya Harvest Moon, akaona matoleo ya baadaye yamepoteza ladha, akakaa miaka zaidi ya minne peke yake akitengeneza gemu yake ya kilimo, Stardew Valley, iliyotoka 2016. Mapenzi yalimpa shamba, malalamiko ndiyo yakampa kazi. Kwa hiyo andika pia kinachokuudhi kwenye gemu hizo.

Ila ukicheza aina moja tu, utadhani kanuni zake ni za lazima. Kaa kwenye bao kidogo. Kete ni 64, na ukila za mwenzako hazitoki mchezoni, unazipanda upande wako. Sasa jiulize, mavuno ya shamba lako yanaishia wapi? Wengi huyauza tu sarafu ziongezeke (mimi hapo huanza kusinzia). Jaribu mavuno yanayobadilisha shamba la jirani. Chora kwenye karatasi kwanza, mpe mtu asiyependa kabisa gemu za kilimo acheze, nawe umtazame bila kumwelekeza.