Kwa Wanaoanza Kuchunguza Uhamaji kutoka Kisiwani Mombasa

Ninyi mnaoanza kukusanya habari za watu waliohama Kisiwani kwenda upande wa bara, yaani Kisauni, Bamburi, Changamwe au Likoni, nawasihi muulize habari za ardhi kabla ya habari za nyumba. Wengi huja na mfano wa Marekani, ambako baada ya Vita vya Pili vya Dunia familia za wazungu zilipewa mikopo iliyodhaminiwa na serikali, zikahamia vitongoji kama Levittown, kilichoanza kujengwa mwaka 1947 na ambacho mikataba yake iliwafungia watu weusi mlango. Kwetu chanzo ni kingine. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi Pwani wayawasilishe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Tangu hapo wengi, kwa kukosa hati, wamejenga nyumba zao wenyewe juu ya viwanja vya wengine na kulipa kodi ya kiwanja.

Kwa hiyo mwenyeji akikwambia walihama kwa sababu mji ulijaa, usitosheke na jibu hilo. Mwombe kwa adabu akuonyeshe risiti za kodi ya kiwanja, ambazo wazee wengi huzihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa, nawe utazame jina la mpokeaji: likibadilika ghafla, uliza kiwanja kiliuzwa kwa nani, na waliojenga juu yake waliambiwa nini.

Katika Mji wa Kale, ulizeni mirathi. Nyumba moja ya Kibokoni huweza kuwa na warithi wengi, na ikiuzwa, fungu la kila mmoja hutosha labda kiwanja cha bara tu. Hata hivyo msiandike upesi kwamba familia hiyo imeondoka mjini, kwani huenda arusi na hitima zao zingali zikifanyika kule kule.

Mwaka ambao kila familia ilivuka kwenda bara nao uandikwe, kwani njia za kuvuka zimebadilika. Daraja la Nyali lililoelea lilifunguliwa mwaka 1931, na la sasa likachukua nafasi yake mwaka 1980. Likoni wengi bado wanategemea feri.

Mwisho, msiridhike na maneno ya mwenye nyumba pekee. Nyumba ya Kiswahili ina vyumba pande mbili za korido, na pengine kila chumba kina familia yake. Bisheni hodi hata vyumba vya uani, na wapangaji waulizwe maswali yale yale.