Neno la Kiingereza “staunch”: kwa wanaoanza kazi ya kutafsiri habari

Mnaoanza kutafsiri habari mtakutana mapema na neno “staunch”, na mkono utakimbilia kuandika “mwaminifu”. Nawasihi mtulie kwanza. Katika wiki zangu za mwanzo kwenye chumba cha habari niliandika kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa “mpinzani mwaminifu wa ubaguzi wa rangi”. Mhariri hakulifuta neno langu, alipiga mstari mwekundu chini yake, akaandika pembeni: “Mwaminifu kwa nani?” Sikuwa na jibu.

Uaminifu wetu una mwenyewe: mtu huwa mwaminifu kwa mkewe, kwa mwajiri wake au kwa nchi yake. Neno “staunch” halimtafuti mwenyewe huyo, bali linasema kwamba mtu amesimama mahali fulani na hang’oki, na kwa sababu hiyo Waingereza hulitanguliza mbele ya “ally” na “supporter”, yaani mshirika na muungaji mkono, na vilevile mbele ya “critic” na “opponent”, yaani mkosoaji na mpinzani. Mume asiyetoka nje ya ndoa wao humwita “faithful”, na mteja asiyehama duka humwita “loyal”. Hapo “staunch” haliingii.

Asili yake inasaidia sana kulielewa. Limetoka katika Kifaransa cha kale, na Wafaransa wa leo bado husema “étanche” kwa kitu kisichopitisha maji. Mikataba ya zamani ya kukodi meli kwa Kiingereza ilitaka chombo kiwe “tight, staunch and strong”. Aliyewahi kumwona fundi wa jahazi akitia kalafati, akishindilia pamba yenye mafuta kati ya ubao na ubao mpaka pasibaki upenyo, ameshaiona maana ya neno hili. Hata likiwa kitenzi, ambacho Wamarekani wengi hukiandika “stanch”, humaanisha kuzuia kinachotiririka, hasa damu ya jeraha.

Kwa Kiswahili hakuna kisawe kimoja kitakachotosha kila mahali, na sioni haja ya kukilazimisha. Shabiki wa mpira ni shabiki lialia au kindakindaki. Mwanachama wa chama cha siasa ni mkereketwa. Nchi rafiki ni mshirika wa kutegemewa. Kuweni waangalifu na “mwenye msimamo mkali”, kwa kuwa msomaji wa leo akiliona hufikiria watu wa vurugu, na mtakuwa mmemchafulia mtu jina bila kukusudia. “Sugu” nalo lina pande mbili: Kenya “mfuasi sugu” hupita bila shida, lakini neno hilohilo ndilo tunalomwekea mhalifu aliyeshindikana, kwa hiyo litazameni vizuri jina linalolitangulia.

Mara nyingi dawa ni kuacha kutafuta kivumishi na kuitia maana katika kitenzi, kwa kuwa Kiswahili hupumua vizuri zaidi hapo. Sentensi yangu ya Mwalimu, baada ya kuandikwa upya mara tatu, ilitoka gazetini hivi: “Nyerere aliupinga ubaguzi wa rangi bila kuyumba, na tangu 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika.”