Ipe akili mnemba (AI) tangazo, usiiombe ikutafutie shoo

Wasanii wengi ninaofanya nao kazi hapa Dar wakisikia akili mnemba inaweza kuwasaidia kupata shoo za nje, kitu cha kwanza wanaandika "nitafutie matamasha ya muziki Afrika". Inawaletea orodha imenyooka kabisa, ukienda kuangalia unakuta moja lilishakufa zamani, lingine dirisha la maombi limefungwa tangu mwaka juzi, na lingine halijawahi kuwepo. Mtu anakata tamaa, anasema hizi mashine waongo tu.

Ushauri wangu, tangazo la tamasha linaloita wasanii waombe nafasi litafute mwenyewe kwenye kurasa za wahusika. Sauti za Busara pale Zanzibar, Nyege Nyege kule Uganda, WOMEX, yale maonesho ya muziki wa dunia, kwa anayeitaka Ulaya, na Music In Africa ambao wanatangaza fursa za kila aina. Ukishalipata nakili maneno yote kama yalivyo mpaka yale madogo ya mwisho, yabandike pamoja na taarifa zako, halafu iulize: masharti gani siyatimizi?

Hapo ndo utaona kazi yake. Kuna kijana wa singeli namsimamia, kwenye shoo anapanda na laptop na mwenzake wa kuchombeza, basi. Tulibandika tangazo la tamasha linalotaka muziki wa laivu mtupu, na kwenye taarifa zake tulikuwa tumeandika wazi kwamba anaimba juu ya biti, ikatuambia moja kwa moja kwamba sharti la laivu hatulifikii na video tuliyoichagua haifai. Ilituuma lakini ilikuwa kweli. Tukatafuta mpiga kinanda na wapiga ngoma wawili, tukarekodi uani kwa simu, nyimbo mbili bila kukatakata, na sasa hivi ana kitu cha kutuma popote wanapotaka laivu.

Hizo taarifa ziandae mara moja uziweke kwenye simu: mko wangapi jukwaani, wangapi wana pasipoti, mnapiga vyombo gani, nyimbo zenu na namba zake za ISRC (namba ya utambulisho ya kila rekodi), nani katunga na mgao wa kila mtu ni asilimia ngapi. Hiyo ya pasipoti wengi wanaipuuza, halafu mwaliko ukija wapiga vyombo nusu hawawezi kusafiri.

Kwenye baio, yaani yale maelezo mafupi ya msanii, kuwa mkali sana. Mama mmoja wa taarab ninayemsaidia iliwahi kumwandikia "mshindi wa tuzo mbalimbali aliyetikisa majukwaa ya kimataifa", wakati hajawahi kushinda tuzo yoyote. Tulifuta yote, tukaandika kwamba kafundishwa kuimba na mama yake, kaimba maharusini miaka mingi, na anaimba na udi, kanuni na fidla. Hiyo baio mtu akiisoma anamsikia kabisa huyo mama. Kwa hiyo iambie tangu mwanzo isiongeze chochote ambacho hujakitaja, na bado uisome neno kwa neno.

Ukiwa na wimbo mpya unataka kuuombea nafasi kwenye pleilisti za Spotify, maombi yanapitia Spotify for Artists kabla wimbo haujatoka, walau siku 7 kabla ili uwafikie pia wanaokufuata, na maelezo yake ni herufi 500 tu. Kukufupishia maelezo marefu yakaenea humo, akili mnemba inaweza vizuri mno.

Na ukiletewa mkataba usisaini kwa furaha. Ibandikie vipengele, ufute kwanza majina na namba za watu, ikueleze kwa Kiswahili cha kawaida nani anamiliki masta (rekodi yenyewe ya wimbo), kwa miaka mingapi, nchi zipi, na ukitaka kutoka inakuwaje. Andika maswali yote yatakayobaki halafu nenda nayo kwa mwanasheria, na kazi zako zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mapema, kabla hujakaa mezani na mtu yeyote wa lebo.