Bei ya saa kwa fundi umeme aliyejiajiri: anza na saa unazoweza kuuza

Mkuu, umesema umeacha ajira, ukachukua mshahara wako wa zamani, ukaugawa kwa saa ulizokuwa unafanya kazi, ukaongeza kidogo, na hiyo ndiyo bei unayowatajia wateja. Kazi zipo, lakini mwisho wa mwezi hubaki na kitu. Na sasa kuna mteja anayetaka nyumba yake isukwe waya upya, anakwambia fundi mwingine amemtajia nusu ya bei yako. Nimejiajiri kwenye umeme miaka mingi, na hili swali nalijali sana, kwa sababu limewatoa mafundi wazuri kwenye fani na kuwaachia wateja wale wanaolipua kazi.

Kosa liko kwenye kile ulichogawia. Ulipokuwa umeajiriwa ulilipwa wiki zote 52, tuseme saa 40 kwa wiki, yaani saa 2,080 kwa mwaka. Humo mlikuwemo likizo, sikukuu, siku za kuumwa, hata zile saa ulizokaa umesubiri vifaa vifike. Mwajiri alizibeba zote. Leo hakuna anayekulipa ukiwa kitandani na homa. Toa wiki 6 za mapumziko, sikukuu na maradhi, zinabaki 46. Halafu katika saa 40 za wiki toa muda wa kwenda kukagua kazi ambayo huenda usiipate, kuandika makadirio, kufuata vifaa, kukaa barabarani, kuandika ankara, na kufuatilia madeni. Fundi anayefanya kazi peke yake akibaki na saa 25 za kumtoza mtu, hiyo ni wiki nzuri. 46 mara 25 ni 1,150. Hizo ndizo saa ulizo nazo za kuuza kwa mwaka.

Sasa weka tarakimu, sarafu yoyote. Tuseme ulikuwa unalipwa 10 kwa saa. Mara 2,080, ni 20,800 kwa mwaka. Kuipata hiyo hiyo kwa saa 1,150 inabidi utoze kama 18, na hapo bado hujanunua hata bisibisi. Ongeza gharama za kuendesha kazi: usafiri, bima, leseni, simu, nguo za kazi, drili na misumeno inayochakaa, mita za kupimia umeme, zinazotakiwa kupelekwa kuhakikiwa usahihi wake, na akiba ya siku mteja atakapoingia mitini. Tuseme zote ni 7,000 kwa mwaka. Jumla inakuwa 27,800, gawa kwa 1,150, unapata 24 na ushee. Weka asilimia 10 ya faida ya biashara yenyewe, ile itakayokununulia mita nzuri zaidi au kumlipa saidia fundi kabla mteja hajalipa, unakaribia 27. Kutoka 10 hadi 27, na hujamlalia mtu. Kodi iangalie kwa sheria za kwenu, ila usije ukaihesabu fedha ya kodi kama pato lako.

Tarakimu zangu ni za mfano. Za kwako zitoke kwenye daftari. Kila jioni andika saa ulizotoza na saa ambazo hukutoza, na ulizitumia wapi. Mwezi mmoja tu utakuonyesha mengi. Mafundi wengi hushtuka wakiona muda unaoishia kwenye kufuata vifaa mara tatu kwa kazi moja, na huo unapunguzika kwa kuandika orodha kamili siku ya ukaguzi.

Bei ya haki si kwa ajili yako peke yako, na hapa ndipo ninapowasisitizia vijana. Fundi anayejipunja hupata fidia mahali fulani, na mahali rahisi pa kuipata ni kwenye vipimo, kwa sababu mteja havioni. Taa ikiwaka mteja anaridhika. Lakini kiwango cha kimataifa cha IEC 60364 kinataka sakiti ya kawaida ya nyumba, yaani njia moja ya nyaya kutoka kwenye bodi, ipimwe insulesheni (ganda linalozuia umeme usivuje) kwa volti 500 za mkondo mnyoofu (DC), na usomaji usiwe chini ya megaomu 1. Breka ya uvujaji, ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30 na ya aina ya kawaida, inatakiwa ikate ndani ya milisekunde 300 ukiipima kwa mkondo wake huo. Kupima sakiti zote za nyumba, kukaza upya kila skrubu ya kwenye bodi na kuandika matokeo kunakula saa. Skrubu iliyolegea huleta ukinzani, ukinzani huleta joto, na joto hilo hupanda kwa mraba wa mkondo unaopita. Kama bei yako haina nafasi ya saa hizo, utaziruka. Kwa hiyo ukikaa kukokotoa, saa za vipimo ziwemo tangu mwanzo, na mteja akiomba punguzo, punguza ukubwa wa kazi: soketi chache, taa za nje zisubiri. Vipimo havipunguzwi.

Kuhusu kutaja bei kwa saa au kwa kazi nzima: kazi unayoijua mwanzo hadi mwisho, kama kuongeza soketi au kubadilisha bodi, mtajie bei moja, lakini wewe uifikie kwa saa zako. Ukitoza saa tupu kwenye kazi kama hiyo, kadiri unavyozidi kuwa mwepesi ndivyo unavyolipwa kidogo, na hilo si sawa. Saa zifae kutafuta hitilafu, maana hakuna ajuaye itachukua muda gani. Weka kikomo: "Nitatafuta kwa saa 2, zikiisha bila jibu nasimama tuzungumze." Hivyo mteja hakosi usingizi kwa kuwaza ankara. Saa ya kwanza itozwe kamili hata ukimaliza mapema, kwa sababu ndiyo inayobeba safari.

Kwenye kutafuta hitilafu pia ndipo manung'uniko hutokea. Niliwahi kuitwa nyumba ambayo breka ya uvujaji ilikuwa inaruka kila mvua ikinyesha. Nilichomoa vifaa vyote, nikatenganisha sakiti moja moja kwenye bodi, nikapima. Zote safi isipokuwa ya taa za nje, ilisoma chini sana ya megaomu 1. Taa ya tatu nilipoifungua, glandi, kile kifungo kinachoziba pale waya unapoingilia, ilikuwa imelegea, maji yametuama ndani, shaba imeota ukijani. Nilikata sehemu iliyooza, nikabadilisha glandi na terminali. Mwenye nyumba akauliza, "Yaani fundi, hela yote hii kwa kipande hicho?" Nikamwonyesha ankara: sakiti zipi zimepimwa, zimesoma nini kabla, zinasoma nini sasa. Akalipa, na tangu hapo ndiye anayenitafutia wateja. Andika vipimo kwenye ankara, mkuu. Kazi ya kutafuta haionekani kwa macho, lazima uiweke kwenye karatasi.

Vifaa viweke mstari wake, mbali na hela ya ufundi. Ukiongeza kitu juu ya bei ya kununulia ni haki yako, maana unavibeba, unavidhamini na kikiharibika wewe ndiye utakayerudi. Ila jua hesabu: ukiongeza asilimia 25 juu ya bei ya kununulia, faida yako ni asilimia 20 tu ya bei ya kuuzia. Wengi wanapigwa hapo bila kujua. Kazi ya usiku au ya dharura iwe na bei yake, na itajwe kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Ndugu na majirani, andika bei kamili kwanza, halafu andika punguzo chini yake, ili punguzo lisigeuke kuwa bei.

Sasa huyo mteja wako wa nusu bei. Usishindane na huyo fundi mwingine kwa kushuka bei. Mwombe mteja kwa upole makadirio ya yule mwenzako muyaweke pamoja na yako: waya wa unene gani kwenye soketi na kwenye jiko, kuna breka ya uvujaji au hakuna, waya wa ardhi (ethi) utapimwa au utachomekwa tu, kuna karatasi ya vipimo mwishoni, akiita baada ya mwezi nani atakuja. Kama vyote vimo na bei ni nusu kweli, mwache aende huko. Kama havimo, kazi zenyewe ni mbili tofauti, na atajionea mwenyewe. Makadirio yako yaandikie tarehe ya mwisho ya kutumika, kwa sababu bei ya shaba haitulii.

Daftari lianze wiki hii. Mwezi ukiisha, leta saa zako hapa tuzikokotoe pamoja.