Mhusika mkuu wa gemu: azungumze kwa sauti au anyamaze?

Swali:

Shikamoo mwalimu. Tuko watatu hapa Iringa na tunatengeneza gemu ya simu kwa kutumia Godot, programu ya kutengenezea gemu. Inahusu mjukuu anayerudi kijijini Mufindi baada ya babu yake kufariki, akakuta baba zake wadogo wanagombea shamba la chai. Mchezaji anachagua kama mjukuu ni wa kike au wa kiume, kisha anachagua majibu yake katika mazungumzo; majibu hayo jumla ni kama sentensi 900. Wenzangu wanataka mjukuu arekodiwe kwa sauti, kwa sababu wanaona gemu ambayo mhusika mkuu hasikiki itaonekana ya bei rahisi. Mimi nasita. Kitaalamu, lipi ni bora?

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Ushauri wangu ni kwamba mrekodi kila mtu pale kijijini isipokuwa huyo mjukuu.

Nianze na hoja ya wenzako, kwa sababu inachanganya mambo mawili. Mhusika asiyesema kabisa, kama Gordon Freeman wa Half-Life ya mwaka 1998, hana sauti wala maandishi. Huyo ni tofauti na mhusika anayesema kwa maandishi, ambaye sentensi zake mchezaji huzisoma na kuzichagua bila kuzisikia, kama ilivyo katika Dragon Age: Origins ya mwaka 2009. Mjukuu wenu ni wa kundi hili la pili, na kundi hili halina unyonge wowote. Baldur's Gate 3, iliyotunukiwa gemu bora ya mwaka katika The Game Awards ya 2023, ina wahusika wengi wanaosikika kwa uigizaji wa hali ya juu, lakini mhusika anayeundwa na mchezaji mwenyewe hasikiki katika mazungumzo hayo.

Sauti ina nguvu yake, na sitaki uidharau. Katika Dead Space ya mwaka 2008, fundi Isaac Clarke husikika akihema na kupiga kelele tu, huku watu wengine wakimtuma huku na kule kama kibarua. Dead Space 2 ya mwaka 2011 ilimpa sauti ya Gunner Wright, na ghafla akawa mtu mwenye majuto na maamuzi yake. Gemu ya kwanza ilipotengenezwa upya mwaka 2023, sauti hiyohiyo ilirudi. Hata hivyo, Isaac ana jina moja, historia moja na njia moja ya kupita. Hakuna mchezaji anayemwamulia aseme nini, kwa hiyo sauti haikumnyang'anya mchezaji chochote.

Mambo hugeuka pale maneno yanapokuwa mali ya mchezaji. Fallout 4 ya mwaka 2015 ilimpa mhusika mkuu sauti kwa mara ya kwanza katika mfululizo ule, ikirekodi zaidi ya mistari 13,000 kwa kila mmoja wa waigizaji wake wawili, wa kiume na wa kike. Kwa kawaida mazungumzo yake yalibanwa katika machaguo manne, kila moja likiwa limeandikwa kwa maneno machache tu, na mchezaji aliyebonyeza neno moja alisikia sentensi nzima ambayo hakuikusudia. Wachezaji wenyewe wakatengeneza nyongeza ya kuonyesha sentensi kamili kabla ya kuchagua. Bethesda, kampuni iliyotengeneza Fallout 4, ilipotoa Starfield mwaka 2023, mhusika mkuu alirudi kwenye maandishi.

Sasa tuje kwenye hesabu zenu. Sentensi 900 zenye wastani wa sekunde nne kila moja ni saa moja ya sauti, na kwa kuwa mjukuu ana jinsia mbili, zinakuwa saa mbili. Kwa faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, za chaneli moja, zenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16, hizo ni takriban MB 691. Mkizigeuza kuwa Ogg Vorbis, yaani sauti iliyobanwa, ya kilobiti 96 kwa sekunde zinashuka hadi MB 86 hivi, na simu nyingi zitazibeba. Ukubwa wa faili, kwa hiyo, haunitishi. Kinachonitisha ni marekebisho. Niliwahi kumrekodi kijana wa miaka kumi na minne hapa Mbeya mwezi Februari, tukiwa tumetundika mablanketi ukutani na kusimama kila mvua ilipogonga bati. Mwezi Agosti tukabadili onyesho moja, tukahitaji sentensi sita mpya, na alipokuja sauti yake ilikuwa imeshakuwa nzito. Tulitupa kazi yote ya Februari kwa ajili ya sentensi sita. Mjukuu wenu ndiye mwenye maneno yatakayobadilika zaidi kuliko mtu yeyote, kwa sababu kila mtakapomjaribisha mchezaji mtagundua jibu alilolitaka na ninyi hamkuliandika.

Liko jambo jingine, nalo ni la Kiswahili chenyewe. Lugha yetu inawasaidia sana kwenye jinsia: mzee akisema "amerudi" au "mwambieni aingie", sentensi moja inamfaa binti na kijana, na hamna haja ya kurekodi mara mbili. Lakini mzee huyo akimwita mjukuu kwa jina, binti ataitika "Abee" na kijana ataitika "Naam". Vilevile wapo watakaomwita "dada" au "kaka". Pitieni hati yenu mkiwa na kalamu nyekundu, mzitafute sehemu hizo tu, kwa sababu ndizo peke yake zinazohitaji matoleo mawili.

Na salamu je? Mhusika wa Marekani anaweza kuingia chumbani bila kusema neno na mchezaji asione ajabu. Mjukuu wa Mufindi akiingia msibani akapita mbele ya wazee kimya, kila mchezaji wa Nyanda za Juu Kusini atamwona hana adabu, na hadithi yenu itakuwa imeharibika kabla haijaanza. Tazama lakini jinsi ulivyoanza barua yako na jinsi nilivyoanza jibu langu. Mtu akiona neno langu la kwanza tu, anajua umeniamkia na anajua kati yetu mkubwa ni nani. Yule mzee akisema "Marahaba" huku mjukuu akiinamisha kichwa kwenye skrini, shikamoo imesikika bila kurekodiwa. Mbinu hiyo itawafaa kwenye mazungumzo yote: andikeni majibu ya wazee yabebe ndani yake kile alichokisema mjukuu. Badala ya baba mdogo kusema "Sikubali", aseme "Hati ya shamba nikupe wewe, uliyefika jana?" Mchezaji atasikia ombi lake mwenyewe ndani ya jibu.

Machaguo ya mjukuu yaandikeni kwa sentensi kamili, kama atakavyotamka, na yasizidi mistari miwili kwenye skrini ya simu. Fedha mliyotaka kumlipia mwigizaji wa mjukuu mlipeni mtu mzima anayejua kuigiza ukali wa ukoo, na mrekodi Juni au Julai, mvua zikiwa zimekwisha. Kazi ya siku ya kwanza iwe hiyo "Marahaba" peke yake. Aitamke kwa mjukuu aliyemkosa kwa miaka mingi, kisha kwa mjukuu aliyechelewa mazishi, kisha kwa mjukuu anayemdhania kuwa amefuata mali. Ni faili tatu ndogo, na kila moja italingana na chaguo ambalo mchezaji amelifanya kabla hajafika mlangoni.